Nyanya za Redio

12 Juni
Nimeamua kuandika kwa sababu nikisema nyumbani hakuna wa kunisikia. Mama masikio yake yamechoka. Ukitaka kumwambia jambo inabidi upaze sauti mpaka jirani ndiye akujibu. Mdogo wangu alikuwa na sauti ndogo, akachoka kupiga kelele, ikawa na Mama anaongea kwa mikono na mimi kwa macho. Tulimwita Kimya, naye hakukataa. Tangu tumzike, nyumba yetu inasikika vilevile kama zamani, na hilo ndilo linalonichanganya. Nakaa kwenye cherehani nashona sketi za shule, nasahau, nanyoosha mkono nyuma anipe mkasi.

Leo kapiga simu mwanamke mmoja, mwenyekiti wa ile bustani ya ushirika iliyo nyuma ya zahanati, ambako mdogo wangu alikuwa anajitolea. Kanipa pole. Kisha kasema, "Sasa dada, tuta lake lina miche michanga. Unakuja, huji?" Nikasema nakuja. Sijui nilijibu vile kwa nini. Mimi hata maua ya plastiki nikiyaweka dirishani yanapauka.

14 Juni
Nimekwenda. Bustani imebanwa kati ya ukuta wa zahanati na karakana ya matairi, matuta yamejipanga safu moja ndefu inayokunja kona, na kwenye kona kuna tangi la maji. Mwenyekiti ni mkunga mstaafu, wote wanamwita Bi Mkunga. Alinishika mkono kama anayepima mapigo ya moyo. Nyuma yake alisimama mzee mmoja aliyewahi kuendesha mabasi. Jina lake la pale ni Breki, kwa sababu hawezi kufika kwenye tuta lake bila kusimama kwenye matuta ya watu wote. Na yupo kinyozi mwenye ndevu nyingi ambaye huja na aproni yake ya kazini, nywele za wateja zimeng'ang'ania kifuani.

"Ndiye huyu dada yake Redio!" kinyozi akapiga kelele.

Nikageuka nyuma kutazama anayeambiwa. Hapakuwa na mtu.

"Redio ni nani?"

"Mdogo wako, dada. Akifika hapa hata wale wa matairi wanazima mashine wamsikilize."

"Huyo siye."

"Mfupi, ana kovu kwenye kidevu, anacheka mpaka anakaa chini?"

Kovu ni lake. Alianguka kwenye ngazi akiwa mdogo, nami ndiye niliyembeba. Kucheka mpaka akakaa chini, hilo sijawahi kuliona.

Wakanionyesha tuta. Miche ya nyanya, safu mbili, mirefu kama kidole. Bi Mkunga anasema aliipanda kwa mikono yake wiki ile kabla hajalazwa. Nilichuchumaa nikaona alama za vidole kwenye udongo kando ya mche wa mwisho. Huenda ni vyake, huenda si vyake.

Alikuwa akitoka huko analeta nyumbani nyanya ndogo za manjano kwenye mfuko wa kitambaa. Anaziweka mezani bila neno. Tulizila bila kuuliza. Sasa nataka kitu kimoja tu: miche hii ikue, izae, nami nile nyanya moja ambayo yeye ndiye aliyeipanda. Moja inatosha. Baada ya hapo sitadai kitu.

17 Juni
Nimejifunza kushika jembe. Kinyozi anasema nalishika kama kipaza sauti.

21 Juni
Kiangazi kimeanza kweli. Vumbi. Bi Mkunga kanifundisha kumwagilia: polepole, chini kwenye shina, usiloweshe majani. "Unamnywesha, humwogeshi," kasema. Namwagilia jioni nikitoka kupeleka sketi.

22 Juni
Nimemwagilia.

23 Juni
Nimemwagilia. Breki kanisimamisha kunieleza jinsi ya kufunga breki basi likiwa limejaa kwenye mteremko. Nilidhani mwishoni atasema jambo kuhusu nyanya. Hakusema.

28 Juni
Majani ya chini yana rangi ya manjano. Udongo wa juu unaonekana mkavu, au mimi ndiye naona mkavu. Nimeongeza maji.

1 Julai
Yamezidi. Nimeongeza tena. Nilipomuuliza kinyozi, akakwepa macho yangu, akasema, "Yatakaa sawa, dada, usijali." Nilipomuuliza Breki, naye akakwepa. Kuna nini hapa? Matuta ya wote yako kijani isipokuwa la kwetu. Nimeanza kufikiri kuna mtu hapendi nije.

Usiku Mama kaniuliza kwa mkono: wapi unakwenda kila jioni? Nikamwandikia kwenye ukingo wa gazeti: bustanini kwake. Kasoma, akaikunja ile karatasi, akaiweka kwenye kifua cha gauni.

4 Julai
Mche mmoja umelala. Mizizi yake sijui ina nini. Nimemwambia mche huo maneno ambayo sikumwambia mgonjwa wangu: inuka bwana, unaninyanyasa. Kisha nikaona aibu, nikatazama kama kuna aliyesikia.

6 Julai
Lazima niandike lote kwa mpangilio, maana bado sijui nicheke au nilie.

Jana sikulala vizuri, nikaamua niende alfajiri kabla ya kazi. Kila mwanachama ana ufunguo. Upepo ulikuwa wa baridi, nikajibanza nyuma ya tangi nikisubiri kupambazuke. Nikasikia lango. Akaingia Breki na kopo la kumwagilia. Kwa mara ya kwanza hakusimama popote. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye tuta la mdogo wangu, akatazama kulia, akatazama kushoto kama anayetaka kuingia barabara kuu, akamwaga kopo zima. "Kunywa, mwanangu," akasema. Akaondoka.

Sijatoka pale, lango likalia tena. Kinyozi. Naye na kopo. Naye akatazama kulia na kushoto. Alipokuwa katikati ya kumwaga akaingia Bi Mkunga na jagi kubwa. Kinyozi akalificha kopo mgongoni, maji yakawa yanamtiririkia kwenye suruali.

"Unafanya nini hapa saa hizi?"

"Naangalia hali ya hewa, Bi Mkunga."

"Na hilo kopo?"

"Limenifuata tu."

"Na wewe hilo jagi?" akauliza kinyozi.

Bi Mkunga akalitazama jagi kama aliyekabidhiwa mtoto asiye wake. Hapo nikatoka nyuma ya tangi. Kinyozi akapiga ukelele wa kike kabisa, akalidondosha kopo.

"Mnamwagilia tuta langu?" nikasema. "Hata mimi namwagilia. Kila jioni. Na Breki ametoka sasa hivi."

Bi Mkunga akapiga magoti, akaung'oa ule mche uliolala, akanisogezea puani. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, inanuka kama kitambaa kilichosahaulika kwenye ndoo.

"Huyu hakufa kwa kiu," akasema. "Huyu amezama."

Ndipo wakanieleza, wanapokezana kama watoto waliovunja sahani. Pale bustanini, mwenzao akifiwa, wanammwagilia tuta lake bila kusema. Ukisema, inakuwa kama unamsimanga. Basi kila mmoja amekuwa akimwagilia kwa siri akidhani ni yeye peke yake. Na kwa kuwa majani yalikuwa yanageuka manjano, kila mmoja akawa anaongeza, kama nilivyoongeza mimi.

"Hiyo ni kanuni ya nani?" nikauliza.

Kinyozi akakuna ndevu. "Aliileta Redio. Mke wangu alipofariki."

8 Julai
Dawa ni kuacha. Bi Mkunga kaing'oa miche yote, katupa iliyooza, kapandisha udongo, kachanganya na mchanga, kachimba mfereji kando maji yatoke, kisha kaipanda upya ile mizima, Breki akimbebea ndoo. Imebaki michache tu. Sasa hakuna anayeruhusiwa kumwagilia mpaka aseme yeye. Kamwekea Breki kidole usoni: "Hasa wewe."

"Mimi nimefanya nini? Kopo langu dogo!"

"Kopo lako linaweza kuoshea basi."

Nimekwenda jioni nikasimama tu. Sijui mtu anasimamaje bila kufanya kitu. Hospitalini nilikuwa na kazi: kubadili shuka, kupangusa, kuita muuguzi, kumgeuza. Hapa nimepewa kazi ya kuweka mikono mfukoni.

9 Julai
Nimesimama.

10 Julai
Nimesimama. Breki kaja kusimama na mimi. Akanisimulia siku Redio alipompigia kelele mkaguzi wa jiji mpaka mkaguzi akaomba maji ya kunywa. Nilisikiliza kama anayesimuliwa habari za mtu wa nchi nyingine. Nyumbani huyu huyu alikuwa akitaka chumvi ananyoosha kidole.

15 Julai
Majani mapya. Kijani. Madogo kama sikio la panya. Nilimwita Bi Mkunga kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe.

24 Julai
Maua. Nimefunga mashina kwenye vijiti kwa vipande vya utepe uliobaki wa sketi, utepe wa bluu. Kinyozi anasema sasa nyanya zinaweza kuandikishwa darasa la kwanza.

30 Julai
Sketi zimekuwa nyingi. Sikwenda.

9 Agosti
Matunda ya kwanza, kijani, ukubwa wa kifungo cha koti. Nayageuza kwa kidole kila siku. Bi Mkunga kanikemea, anasema nyanya si mtihani wa kusahihishwa.

18 Agosti
Tunda moja limeanza kubadilika rangi. Nilitegemea manjano. Linaelekea rangi ya chungwa. Labda kwanza linapitia chungwa.

20 Agosti
Ni jekundu. Jekundu, duara, kubwa, la kawaida kabisa kama la sokoni. Na yanayofuata ni mekundu vilevile.

Na leo nimeona. Tuta la Breki liko kulia kwa letu. Nyuma, kwenye kivuli cha ukuta, ana nyanya ndogo za manjano, vishada kwa vishada. Zilezile. Zile za kwenye mfuko wa kitambaa. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Asubuhi ile alipokuwa anatazama kulia na kushoto, alikuwa anamwagilia kweli? Miche ilipong'olewa na kupandwa upya, nani alikuwepo? Breki alikuwepo. Alibeba ndoo.

21 Agosti
Breki kanisalimia. Nimemjibu kwa kichwa.

22 Agosti
Kanisalimia. Sikujibu.

25 Agosti
Ya leo sijui niyaite nini.

Ilikuwa siku ya kupalilia wote pamoja. Breki akanijia na kikombe cha chai, akasema, "Dada, umenifungia breki ghafla. Nimekukosea nini?" Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza. Badala yake maneno yakatoka yote kwa wakati mmoja, kwa sauti ninayomsemeshea Mama, wale wa matairi wakazima mashine.

"Umechukua miche ya mdogo wangu! Nyanya za manjano ni zake. Kila wiki alituletea nyumbani. Leo ziko kwako, na mimi nimebaki na nyanya za sokoni. Mzee mzima huoni aibu? Mtu hajamaliza hata miezi mitatu ardhini!"

Breki hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliweka kikombe chini polepole, akamtazama Bi Mkunga.

"Hajui," akasema.

"Hajui nini?" akasema kinyozi. "Atakosaje kujua? Redio anasema kila kitu!"

"Sijui nini?" nikauliza.

Bi Mkunga akanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akasema, "Mwanangu, hapa mtu hachumi kwenye tuta lake. Wewe unapanda, wewe unapalilia. Siku ya kuvuna unachuma tuta lililo kulia kwako, na wa kushoto kwako anachuma lako. Ndiyo maana kila mtu analitunza la mwenzake kama jicho. Nyanya za manjano ni za Breki, tangu zamani. Mdogo wako alikuwa kushoto kwake. Alizochuma ni hizo, na hizo ndizo mlizokula."

"Na zake?"

"Nyekundu. Nilizila mimi," akasema kinyozi, taratibu sana. "Niko kushoto kwenu. Miaka yote nimekula mimi na wanangu."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulijua alikuambia," Breki akasema. "Tangu aingie kwenye lango lile mpaka atoke alikuwa anaongea. Sisi tulidhani na nyumbani hamlali."

Nikasema, "Nyumbani hakuwa anaongea." Breki akaokota kikombe chake, chai ilikuwa imeingia vumbi, akainywa vilevile. Nikamwomba radhi. Akasema, "Basi limeshapita, dada." Lakini alikwenda nyumbani bila kusimama kwenye tuta lolote, na hilo linaniuma.

26 Agosti
Sijakwenda. Ninajaribu kuelewa. Miezi hii yote nimetaka nyanya moja ya mkono wake, na kwa kanuni yao si yangu. Ni ya kinyozi. Nimezama nayo, nimeisubiri mikono mfukoni, nimeifunga kwa utepe, ili ale kinyozi.

29 Agosti
Bi Mkunga kaja nyumbani. Kakaa kitandani kwa mdogo wangu, sikumkataza. Anasema wamezungumza wote. Kwa safari hii wako tayari kufumba macho. Kinyozi ndiye aliyesema wa kwanza. Kesho nichume tuta langu, zote, hakuna atakayenong'ona.

Nilishukuru. Nilifurahi sana. Nilipokuwa namsindikiza nikamuuliza, kwa mazungumzo tu, kama mdogo wangu aliwahi kufumbiwa macho.

"Yeye?" Bi Mkunga akacheka. "Hata mara moja. Hakuwahi kuonja nyanya yake. Alikuwa anatusumbua sisi tu: zikoje, zikoje, semeni basi zikoje!"

30 Agosti
Siku ya kuvuna. Nilikwenda na ule mfuko wa kitambaa. Wote walikuwa wamegeukia ukuta, wanajifanya wanachunguza rangi yake. Breki alikuwa ameweka hata mikono nyuma kama polisi.

Niliinama kwenye tuta. Nikashika ile ya kwanza, ile niliyoigeuza tangu ilipokuwa kifungo. Ilikuwa na joto la jua. Kikonyo kilikuwa tayari, ningegusa tu ingeanguka mkononi. Nikakaa hivyo. Nilitaka. Niandike hapa bila kuficha, nilitaka mpaka mate yakajaa mdomoni. Na sikuweza kuelewa kwa nini mkono hauvuti. Nilijiambia kumi, ishirini, sasa. Nilijiambia ni haki yangu kuliko ya mtu yeyote pale. Bado naamini ni haki yangu. Lakini niliona kwamba nikiila nitakuwa nimejua kitu ambacho yeye hakukijua, nami sikuja huku ili nimpite.

Nikainuka. "Kinyozi," nikasema, "njoo uchume tuta lako."

"Dada, tumekubaliana..."

"Njoo, wanao wanasubiri."

Nikaenda upande wa kulia, kwa Breki. "Mzee, naruhusiwa?" Alinishikia vishada ili visikatike nichume vizuri. Mfuko ukajaa manjano.

Nyuma yangu nikasikia kinyozi anauma. Si kuonja, ni kuuma kabisa, maji yakamchuruzika kwenye ndevu. Akampa Bi Mkunga moja, Breki moja. Wakatafuna kimya, wakiona haya kunitazama.

"Haya," nikasema. "Zikoje?"

Wakatazamana.

"Tamu," akasema kinyozi. "Tamu kabisa."

"Tamu wapi?" akasema Breki. "Hii ina uchachu. Wa mbali, lakini upo. Ndiyo raha yake."

"Ulimi wako uliungua kwa chai ya kwenye vituo vya mabasi."

"Wewe unaonja na ndevu, utajua nini?"

"Nyamazeni," akasema Bi Mkunga. Akameza. Akafikiri. "Mwanzoni haina kitu. Kisha inakuja. Ngoja... hapana, imepotea tena. Nipe nyingine."

Tamu, chachu, haina kitu, inakuja. Nilijaribu kuziweka zote pamoja kwenye ulimi wangu mtupu, hazikukaa. Wale wa matairi walikuwa wamepanda juu ya ukuta kutazama ugomvi, kinyozi akawarushia mbili, nao wakaanza kubishana na wengine. Sijui ni nani mwenye kweli. Nikauliza tena, zikoje, semeni basi, nikapaza sauti, na wote wakanijibu kwa pamoja nisisikie hata mmoja. Nilicheka, nikatafuta pa kushika, nikakosa, nikakaa chini.